Sitara na Ghushi Mikononi mwa Fundi wa Picha

Katika vitongoji vya Dar es Salaam vilivyo mbali na bandari na maofisi makubwa, kama vile Tandika na Mbagala upande wa Temeke, au Mwananyamala na Bunju upande wa Kinondoni, ni nadra kuupita mtaa wa maduka bila ya kuona steshenari ambayo mlangoni pake pameandikwa kwamba humo hutolewa kopi, hupigwa picha za pasipoti, na husafishwa picha za zamani. Ndani yake aghalabu mna kompyuta moja ya mezani, printa, kitambaa cheupe au cha bluu kilichotundikwa ukutani, na kijana ambaye mtaa mzima humwita fundi. Kijana huyu, kwa kipanya na subira, humvika suti mtu aliyekuja na fulana, humwondolea mabaka usoni, humtoa mbele ya ukuta uliobanduka chokaa akamsimamisha mbele ya bustani, na hata humkalisha baba marehemu katikati ya wajukuu ambao hakujaaliwa kuwaona. Hakuna amwitaye mwongo. Ninalotaka kulitafakari ni kama anastahili kuitwa hivyo, na kama anastahili, uongo wake huanzia wapi.

Suala la sura ni kongwe kuliko kompyuta. Waislamu wa mwambao wamelelewa na hadithi zenye makemeo makali juu ya waundao sura za vyenye roho, kwamba siku ya Kiyama wataamrishwa kuvitia uhai walivyoviunda na hawataweza. Na Wakristo majirani zao wana amri yao juu ya sanamu, ambayo iliwagawanya watu wa makanisa karne nyingi zilizopita. Kamera ilipoenea katika nchi za Kiislamu, wanavyuoni walihitilafiana, na katika waliotoa hoja mashuhuri ya kuihalalisha ni Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyeshika cheo cha Mufti wa Misri mwaka 1914. Muradi wa hoja yake ni kwamba mpiga picha haumbi kitu, bali hukizuilia tu kivuli ambacho nuru yenyewe imekwisha kukileta. Hoja hiyo naiona kuwa ya hekima kwa zama zake, walakini imesimama juu ya nguzo moja, nayo ni kwamba mkono wa mwanadamu haumo katika sura iliyopatikana.

Nguzo hiyo haikuwa imara hata siku hizo. Wapiga picha wa studio walikuwa wakikaa na kalamu ya risasi iliyochongwa vyema, wakiyafuta makunyanzi ya mteja juu ya negativu kabla hajaletewa picha yake. Na huko Lamu, marehemu Omar Said Bakor, ambaye studio yake ilijulikana kwa jina lake, aliunganisha vipande vya picha mbalimbali hata akapata sura ambazo jicho halikupata kuziona duniani. Mkono ulikuwamo tangu zamani. Tofauti ni kwamba ulikuwa mkono wa wachache, uliohitaji chumba cha giza na ustadi wa miaka, na aghalabu uliacha alama ambayo mjuzi aliweza kuitambua.

Kilichoubadili mkono huo kilizaliwa pasipo tadbiri kubwa. Mwaka 1987 Thomas Knoll, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Michigan, aliandika programu ya kuonyesha rangi za kijivu katika kompyuta ya Macintosh ambayo kioo chake kilijua nyeusi na nyeupe tu. Ndugu yake John, aliyekuwa akifanya kazi Industrial Light & Magic, kampuni ya hila za sinema, akaona kwamba kazi ya ndugu yake inakaribiana na mambo yaliyofanywa ofisini kwake kwa mitambo ya gharama kubwa, akamhimiza aiendeleze. Kampuni ya Adobe iliafikiana nao mwaka 1988, na Februari 1990 programu ikatoka kwa jina la Photoshop. Picha waliyoitumia kuwaonyesha wanunuzi uwezo wake ilikuwa ya mchumba wa John, aliyeketi ufukweni Bora Bora akiwa ameipa mgongo kamera. Huwa nalistaajabia jambo hili: kabla chombo hiki hakijafika katika magazeti na mahakama, mtu wa kwanza kufanyiwa majaribio mbele ya wageni alikuwa mpenzi wa mmoja wa waliokitengeneza, na majaribio hayo yalihesabiwa kuwa mchezo wa furaha.

Matoleo yaliyofuata yaliongeza mengi, nami sina haja ya kuyataja yote. Mwaka 1998 fundi alipewa uwezo wa kurudi nyuma hatua nyingi, ilhali awali aliweza kutengua ile ya mwisho tu; mwaka 2002 akapata brashi ya kuponya ngozi, ambayo huchukua ngozi safi ya shavu na kulifunika kovu kwayo pasipo mshono kuonekana; mwaka 2010 akapewa amri ya kukiondoa kitu kizima huku programu ikibuni yenyewe kilichostahili kuwa nyuma yake. Kila hatua iliificha zaidi ile alama ya mkono. Illa ipo moja, ya mwaka 1994, ambayo kwa maoni yangu ina insafu ndani yake, nayo ni yale matabaka ambayo mafundi wetu huyaita leya. Katika faili lenye leya, sura ya asili hulala chini salama, suti imewekwa juu yake, bustani imewekwa kando, na yeyote akilifungua huweza kuinua kitu kimoja kimoja akaona kilichokuwapo. Faili hilo halimdanganyi mtu. Matabaka hushindiliwa kuwa moja pale picha inapohifadhiwa kwa ajili ya kuprintiwa au kutumwa kwa simu, na kuanzia hapo ukweli hubaki kwa fundi na mteja peke yao.

Basi naona kwamba uongo wa picha haukai katika nukta zilizobadilishwa. Unakaa kwa mtu wa tatu, ambaye hakuwapo steshenari na anaichukua picha kama ushahidi. Dini zetu zinatufunza kusitiri aibu za watu, na binti anayeondolewa chunusi katika kadi ya harusi yake amesitiriwa, kwani waalikwa wanaujua uso wake na hakuna haki ya yeyote iliyopotea. Lakini picha ya kitambulisho imeombwa ili iseme huyu ni nani. Akibadilishwa pua au kufutwa kovu ambalo polisi au afisa wa uhamiaji angelitambua, hapo sitara imekwisha na ghushi imeingia, ijapokuwa brashi ni ile ile na mkono ni ule ule. Vivyo hivyo picha ya kiwanja cha Chanika iliyofutwa maji ya mafuriko kabla ya kupelekewa mnunuzi aliyeko Muscat. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imekataza kughushi kwa kompyuta, lakini sheria hufika baada ya mnunuzi kulia, na fundi alikuwapo kabla yake.

Kuhusu marehemu aliyewekwa kati ya wajukuu, nakiri kwamba hukumu yake ni nzito zaidi. Waliomzika wanajua, na picha ile kwao ni faraja ambayo sina moyo wa kuiharimisha. Vitukuu hawatajua, watahesabu miaka kwa picha ile na kusema babu aliishi hata akawapakata wajukuu zake.

Nigusie pia chombo chenyewe. Photoshop nyingi za mitaani ni nakala zisizolipiwa, na tangu mwaka 2013 mwenye mali ameegemea kuikodisha kwa malipo ya kila mwezi au mwaka. Mtu anayejiuliza juu ya uhalali wa picha huku akifumbia macho uhalali wa chombo amechagua dhamiri kwa vipande. Wala hana udhuru mkubwa, kwa kuwa Spencer Kimball na Peter Mattis, waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, walianza mwaka 1995 kuiandika programu ya kurekebisha picha iitwayo GIMP, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka 1998, na ambayo yeyote ameruhusiwa kuitumia, kuinakili na kuirekebisha, kama kisima cha wakfu ambacho mpitanjia haulizwi jina. Mafundi husema ni ngumu kuizoea. Hilo ni kweli kwa mwezi wa kwanza.

Kwa hiyo nawaomba mafundi wa Tandika, Mwananyamala na kwingineko mambo mawili yasiyowagharimu pesa. Faili lenye leya msilifute baada ya kuprinti, na mteja akilitaka apewe pamoja na picha. Na mkimuunganisha marehemu na walio hai, geuzeni picha na kuandika nyuma yake, kwa kalamu ya wino, majina, mwaka wa kila sura, na kwamba imeunganishwa.