Haki ya Kujibiwa

Katiba ya Rwanda ya mwaka 2003 iliagiza wanawake wasipungue asilimia 30 katika vyombo vya maamuzi. Mwaka 2008 wakawa wengi kuliko wanaume katika Baraza la Wabunge, jambo lililokuwa halijawahi kutokea katika nchi yoyote. Mwaka 2013 wakafika 51 kati ya 80. Nani aruhusiwe kusema? Swali hilo lina jibu. Gumu zaidi ni hili: nani awajibike kumjibu?

Twende Kanama, wilayani Rubavu, kwenye mkutano wa wananchi. Tuseme mama anayeuza karoti soko la Mahoko anasimama, mtoto mgongoni, anauliza habari za mto Sebeya uliofurika Mei 2023 na kubomoa nyumba za watu: walio karibu na maji wahamie wapi, na watalima nini huko? Mwenyekiti anamshukuru kwa upole. Watu wanapiga makofi, zamu inapita kwa mwingine. Hakuna aliyemtukana wala kumkatiza, na hoja yake imezikwa kwa heshima zote.

Wanawake wanaoingia siasa hufundishwa kusimama wima, kupaza sauti, kuficha hasira. Sikatai, mafunzo hayo yana faida. Ila yanamtwika msemaji mzigo wote, na anayesikiliza hadaiwi chochote. Methali ya Kinyarwanda, nta nkokokazi ibika isake ihari, yaani mtetea hawiki jogoo akiwapo, ilimnyamazisha mwanamke. Mwanamume naye ikamnyima nafasi ya kujifunza kusikiliza, na hasara hiyo huwa haitajwi.

Agathe Uwilingiyimana, mwanamke wa kwanza kuwa waziri mkuu wa Rwanda, aliuawa tarehe 7 Aprili 1994, asubuhi aliyokusudia kulihutubia taifa kwa redio. Cheo alikuwa nacho, ujasiri pia. Wenye bunduki hawakukubali kwamba mtu unayepingana naye hujibiwa kwa maneno. Ustaarabu wa majadiliano, kwangu, unaanzia hapo: kukubali kwamba hoja ya mwenzako inakudai jibu, hata akiitoa kwa ukali, hata sauti ikimtetemeka.

Basi wewe unayeongoza mkutano, mama huyo akimaliza, rudia hoja yake kwa maneno yako, muulize kama ndivyo alivyosema, kisha umjibu: ndiyo, hapana, au lini. Na jibu liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano, pamoja na jina lake.