Panya Buku na Mnana: Je, Kuweka Akiba ni Dhambi?

Wako wakatekumeni ambao, wakiisha kusikia Injili juu ya ndege wa angani wasio na ghala (Matayo 6, 26), huuliza: Je, Mkristu ajengaye ghala amekosa imani? Swali hilo halifai kupuuzwa. Mwenye kuuliza ana watoto, na miezi ya njaa kabla ya mavuno anaijua.

Na watazamwe viumbe wawili wa shambani. Wa kwanza ni panya buku, yule mkubwa mwenye mkia mweusi ulio mweupe nchani. Uzito wake huweza kupita kilo 1. Usiku hutoka peke yake, hujaza karanga na mahindi katika mifuko ya mashavu yake, akaenda kuyamwaga shimoni. Wa pili ni mnana, ndege mdogo wa manjano afumaye kiota. Huyu hana akiba hata punje moja.

Je, mnana ni mvivu? Hata kidogo. Tangu mapambazuko dume huchana majani kuwa nyuzi nyembamba, akazifuma kwa mdomo wake. Jike asipokikubali kiota, dume hukibomoa akaanza tena. Basi aliyesikia habari za ndege akaacha jembe lake, hakusikia vema. Bwana wetu alikataza mahangaiko ya moyo, hakukataza kazi. Hata Yozefu kule Misri alikusanya nafaka miaka 7 ya shibe, na watu wa nchi nyingi wakaokoka (Mwanzo 41).

Kosa si ghala. Wala panya buku hana dhambi, maana ni Mungu aliyempa mifuko ile. Lakini wachimbao shimo lake huweza kukuta mle vitu asivyoweza kula kamwe: sarafu, kifungo, kipande cha chuma. Watu hucheka; wangecheka kidogo tu kama wangefungua kwanza masanduku yao. Yule tajiri wa Injili (Luka 12, 16-21) hakulaumiwa kwa kuvuna sana, ila katika mashauri yake yote hamkuwamo jirani hata mmoja. Ndivyo alivyo panya buku, akaaye peke yake chini ya udongo, hali viota vya mnana huning'inia vingi juu ya mti mmoja.

Mkatekumeni na ajenge ghala lake, alizibe vema panya wasiingie. Swali lenyewe litamjia majira ya kupanda, siku mjane wa jirani atakapobisha hodi na kikapu kitupu, akiomba mbegu.