Adabu za Gemu Sebuleni

Mwaka 2022 Kibondo na Kasulu, mkoani Kigoma, ziliunganishwa na gridi ya taifa, na majenereta ya dizeli yaliyokuwa yakinguruma kwa miaka yakazimwa. Umeme ukitulia, televisheni nayo huwaka zaidi jioni, na si ajabu siku hizi kukuta chini yake PlayStation 2 ya mtumba. Mashine hiyo ni ya mwaka 2000, na zimeuzwa zaidi ya milioni 150 duniani. Ina matundu mawili ya pedi. Wenzi wa ndoa wakikaa mbele yake, kila mmoja na pedi yake, yako mambo ya kuzingatia.

La kwanza ni kwa mwenye mazoezi, na mara nyingi huyo ni mume. Anampa mkewe pedi, anaweka mechi, anamfunga mabao saba, kisha anacheka mpaka jirani anasikia. Amesahau alikoupata ustadi huo. Utotoni alishinda kwenye kibanda cha gemu akilipia mechi kwa sarafu, wakati binti wa rika lake alikuwa kisimani, jikoni au kwenye shamba la maharage. Wepesi wa vidole huja kwa muda, na muda huo hawakugawiwa sawa. Basi asijisifu, afundishe. Wala asimpokonye mwenzake pedi kila anapokosea. Kumnyang'anya mtu mzima kitu mkononi ni utovu wa adabu, hata kama nia ni kumwonyesha kitufe cha kupigia shuti.

Kama mpira ndio wanaoupenda, wacheze upande mmoja. Kuanzia Winning Eleven za zamani hadi EA Sports FC, iliyochukua nafasi ya jina la FIFA mwaka 2023, pedi mbili zinaweza kuongoza timu moja dhidi ya kompyuta. Hapo bao la kufungwa linakuwa la wote wawili, na lawama hazipati pa kukaa.

Bora zaidi ni gemu zilizotungwa kwa ajili ya wawili. Fireboy and Watergirl, kazi ya Oslo Albet ya mwaka 2009, haihitaji hata pedi: kompyuta moja na kibodi yake inatosha. Mmoja anamwongoza kijana wa moto kwa vitufe vya mishale, mwingine anamwongoza msichana wa maji kwa herufi. Moto ukiingia majini umekwisha, na maji yakigusa moto yamekwisha, kwa hiyo kila mmoja hupita asipoweza kupita mwenzake na kumfungulia mlango. Overcooked ya mwaka 2016 inawaweka jikoni: kukatakata, kupika, kupakua na kuosha sahani, huku saa inakwenda. Mume asiyegusa sahani kwake ataziosha humo, apende asipende.

Kisha iko It Takes Two ya mwaka 2021, iliyotengenezwa Sweden na studio ya Hazelight chini ya Josef Fares. Inahitaji mashine mpya zaidi, na bei yake si ya kila mtu. Lakini inafaa kutajwa, kwa kuwa Cody na May, mume na mke wanaotaka kuachana, wanageuzwa wanasesere na kulazimika kushirikiana. Katika sehemu moja Cody anarusha misumari, mkewe ana nyundo. Msumari bila nyundo hauwafikishi popote. Haichezwi na mtu mmoja kabisa. Mwaka huohuo ilitunzwa kuwa gemu bora ya mwaka kwenye The Game Awards.

Mgeni akibisha hodi, gemu isimamishwe. Salamu za Waha, wenyeji wa Kibondo na Kasulu, ni ndefu na hupigiwa makofi, na makofi yanataka mikono miwili isiyoshika kitu. Mkwe anayesalimiwa na mtu aliyekodolea macho kioo ana haki ya kukasirika, na hakuna mechi inayoharibika kwa kusubiri.

Kazi nazo zina zamu yake. Pedi zisiguswe kabla vyombo havijaoshwa, na viwe vimeoshwa na wote wawili. Vinginevyo starehe ya pamoja inakuwa starehe ya mmoja anayemsubiri mwenzake amalize jikoni. Watoto wakilala, sauti ipunguzwe. Na pesa isiwekwe mezani kati ya mume na mke, hata kwa utani.

Anayetaka kuanza asikimbilie kununua mashine. Ludo King, iliyotolewa mwaka 2016, inachezwa na wawili kwenye simu moja wakipokezana, bila intaneti. Wacheze hiyo kwanza wiki chache. Kama mmoja wao ananuna kila kete yake inaporudishwa nyumbani, PlayStation isubiri.