Tumpishe Mwenye Baiskeli

Asubuhi, mnada wa samaki ukishaisha pale ufukweni Bagamoyo, wachuuzi hufunga matenga kwenye keria kwa mipira ya matairi chakavu na kushika njia. Huyu anaelekea Magomeni, yule Kaole, mwingine Kiromo. Kitoweo cha nyumba nyingi za huku hufika jikoni kwa nguvu ya miguu yao. Hawa ndio waendesha baiskeli wetu wa kila siku, na bado hatujawapa heshima wanayostahili.

Nawataja wao kwanza kwa sababu kila tunapohimizana kupanda baiskeli tunaanza na afya, mazingira na kubana matumizi. Umoja wa Mataifa nao, mwaka 2018, uliitenga Juni 3 kuwa Siku ya Baiskeli Duniani. Ni mambo mema yote. Ila mtu wa Bagamoyo haiachi baiskeli kwa kutojua faida zake. Anaona aibu, na anaogopa kugongwa.

Aibu tumeitengeneza wenyewe. Mwalimu akija kazini kwa baiskeli, watu wanaulizana kama mshahara umechelewa. Binti akipanda, kuna wa kumkemea, ilhali Unguja, ng'ambo tu ya maji, mwanamke aliyevaa baibui juu ya baiskeli hashangazi mtu. Wazee wetu hawakuwa hivyo. Mwenye baiskeli ya Phoenix alikuwa mtu wa kuamkiwa. Aliifuta vumbi jioni, akaitia mafuta mnyororo, na usiku wa dharura mgonjwa alipakiwa kwenye keria hiyohiyo kupelekwa zahanati. Hata bodaboda tunazozikimbilia leo, za mwanzo kabisa, pale Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, zilikuwa baiskeli.

Hofu ni jambo zito zaidi, nami simlaumu mzazi aliye nayo. Barabara ya kutoka Bunju kuja kwetu, kupitia Mapinga na Kerege, ina magari ya mwendo mkali. Honi ikilia nyuma, mwenye baiskeli anajua anaamriwa kushuka mchangani, yeye na tenga lake. Mama akiliona hilo mara moja tu, mwanawe ataendelea kwenda shule kwa miguu.

Dar es Salaam, mabasi yaendayo haraka yalipoanza mwaka 2016, Barabara ya Morogoro ilikuwa imewekewa njia za baiskeli. Ni hatua kubwa. Lakini pikipiki na meza za biashara zimeziingilia, kwa kuwa dharau ile kwa mwenye baiskeli haikuondoka na ujenzi. Umoja wa Waendesha Baiskeli, UWABA, umekuwa ukidai nafasi kwa watu hawa, na madai hayo yanatuhusu sisi pia.

Mji wetu ni tambarare na mdogo. Kutoka Mji Mkongwe hadi magofu ya Kaole ni kilomita tano hivi, mwendo wa nusu saa kwa baiskeli bila haraka. Halmashauri ianzie hapo: isawazishe bega la barabara hadi Kaole na izuie magari kuegeshwa juu yake. Madiwani waende vikaoni kwa baiskeli, wananchi wawaone. Nawe dereva, ukimkuta mchuuzi wa samaki mbele yako, punguza mwendo, usimpigie honi, subiri upande wa pili uwe mtupu ndipo umpite kwa mbali.