Nikisomea Nyumbani, Nani Ataniita Jina?

Swali ninaloliandika hapa nililibeba miezi mitatu kabla ya kulitoa mdomoni: je, ni vibaya kuacha shule kabla ya kumaliza, kama unaahidi kwamba utasomea nyumbani? Najua wengi wenu mnaosoma kurasa hizi mmeshakutana nalo, ninyi wenyewe au watoto wenu. Kwa hiyo sitajifanya mwalimu. Nitaeleza tu namna lilivyonipata na mahali liliponifikisha.

Tunaishi Rohero. Mtu akisikia Rohero anawaza maofisi, mageti marefu na kanisa kuu la Regina Mundi. Ni kweli vyote vipo. Lakini nyuma ya nyumba kubwa kuna aneksi, chumba cha mfanyakazi, na sisi ndimo tulimo: Mama, mdogo wangu wa kiume wa miaka 13, na mimi mwenye 17. Mama anawapikia na kuwafulia wenye nyumba. Tulitoka Uvira mwaka 2017, wakati vita vya Mai-Mai vilipoukaribia mji. Kwa hiyo shule yangu karibu yote nimeisomea hapa Bujumbura, kwa Kirundi na Kifaransa, na Kiswahili chetu tunakiongea jioni.

Sasa hesabu yetu ni hii: minervali mbili, mshahara mmoja. Muhula uliopita tulirudishwa nyumbani wote wawili kwa sababu hatujalipa. Mama alikopa kwa jirani, mdogo wangu akarudi darasani baada ya siku chache. Mimi nilibaki wiki tatu. Katika wiki hizo ndipo wazo lilipoingia: mbona nisibaki moja kwa moja? Mdogo asome, mimi nimsaidie Mama kufua, na jioni nifungue daftari. Wazo hilo nililipa jina zuri. Sikusema "nitaacha shule." Nilisema "nitasomea nyumbani."

Msidhani hilo ni wazo la mjinga. Huko Marekani kuna mwalimu aliyeitwa John Holt, aliyefundisha miaka mingi hadi akakata tamaa kwamba shule zitabadilika. Mwaka 1977 akaanzisha jarida la wazazi wanaowasomesha watoto wao nyumbani. Huku kwetu pia mlango upo. Kongo, mtu asiye na shule anaweza kuomba kufanya mtihani wa taifa kama otodidakti, yaani aliyejifundisha mwenyewe. Tanzania wanawaita watahiniwa wa kujitegemea, na kila mwaka wanakaa mtihani kama wengine. Naye Mwalimu Nyerere, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea la mwaka 1967, alilalamika kwamba shule ilikuwa inamtenga mtoto na kazi za watu wake na kumfanya aamini kuwa maarifa yote yamo vitabuni. Nikawaza: basi nikifua na Mama mchana na kusoma usiku, nani atasema nimepotea?

Kizuizi cha kwanza nilikiona mapema. Mtihani huo wa otodidakti, nijuavyo mimi, ningelazimika kuvuka kwenda kuufanya. Uvira si mbali. Usiku kukiwa hakuna ukungu tunaona taa ng'ambo ya ziwa. Lakini mkimbizi akivuka kwenda kufanya mtihani katika nchi aliyoikimbia, ataulizwa: kama unaweza kurudi, ulikimbia nini? Wenzetu walio kambini wanasoma kwa programu ya Kongo, wana njia yao. Sisi wa mjini tunasoma kwa programu ya Burundi. Ukitoka katika mstari huo, unatoka na mguu mmoja huku na mwingine kule.

Kizuizi cha pili ndicho kilichonifundisha zaidi, na sikukisoma popote. Nilikiishi katika zile wiki tatu.

Wiki ya kwanza nilikuwa mwanafunzi kweli. Niliandika ratiba nikaibandika ukutani: hesabu asubuhi, fizikia baada ya chakula, Kifaransa jioni. Nilimaliza sura nzima ya hesabu peke yangu, na nakiri niliielewa kuliko darasani, maana hakuna aliyenikimbiza. Nikajisifu.

Wiki ya pili watu waligundua kwamba nipo. "Wewe si uko tu nyumbani? Nenda kapange foleni ya mafuta ya taa." "Wewe si uko tu? Shikilia mtoto huyu dakika mbili." Hakuna aliyekuwa na ubaya. Lakini msichana aliye nyumbani hayuko nyumbani kusoma machoni pa watu. Yuko nyumbani tu, kama ndoo ilivyopo. Mdogo wangu akirudi na kukaa na daftari lake, hata mtoto wa jirani anaambiwa anyamaze, kaka anasoma. Mimi nikiwa na daftari, naambiwa sufuria inaungua.

Wiki ya tatu, Jumatano, sikufungua daftari kabisa. Jioni nilikaa kusubiri nijisikie vibaya. Nikagundua kitu kilichoniogopesha: hakuna aliyejua. Si kwamba hawakunijali. Hapakuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kujua.

Darasani kwetu kila asubuhi majina yanasomwa. Nilikuwa naona ni kupoteza muda. Lakini fikiria sisi ni nani. Tunahesabiwa sana: familia ya watu watatu, namba fulani, karatasi fulani yenye tarehe ya kwisha. Lakini kuhesabiwa si sawa na kuitwa. Mwalimu akisema jina lako na kimya kikafuata, watu thelathini wanageuza shingo kuangalia kiti chako. Kesho yake unaulizwa, "Jana ulikuwa wapi?" Swali hilo linakera, na mimi lilinikosa.

Hapo nilianza kuona kwamba nilikuwa najiuliza swali lisilo sawa. Nilikuwa nauliza ni wapi mtu anasoma: shuleni au nyumbani? Labda swali zuri ni hili: ukiacha kusoma leo, nani atajua kesho?

Lipime swali hilo kwa wengine. Ninaye rafiki aliyeacha shule mwaka jana akaenda kujifunza ushonaji Buyenzi. Watu walisema amejiharibu. Lakini fundi wake anaukagua kila mshono, na ukiwa mbaya anaufumua mbele yake na kumwambia anza upya. Yule anasoma. Halafu ninao wenzangu wanaokaa benchi la nyuma tangu mwaka uanze, wamelipiwa kila kitu, wanalala. Wale wameshaacha shule, ila miili yao bado inakuja. Kwa hiyo siwezi kusema shule ni wema na kuacha ni dhambi.

Lakini kuna sehemu ya pili ya swali, na hiyo ni nzito zaidi: je, nina haki ya kujitoa kwa ajili ya mdogo wangu?

Nilipomwambia Mama, alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa.

"Unawaza wewe ni wa kwanza?" akasema. "Mimi niliachia darasa la tano ili mjomba wako asome. Hakuna aliyeniuliza. Walisema tu, wewe ni msichana, utaelewa."

"Na ulielewa, Mama?"

"Nilinyamaza. Kunyamaza si kuelewa."

Akaniambia kwamba mjomba alisoma kweli, na hadi leo wakikutana hawezi kumwangalia Mama machoni kwa muda mrefu. Hakuwahi kuomba zawadi ile, na hajui namna ya kuirudisha. "Mlijengewa deni ninyi wawili," nikamwambia. Mama akasema, "Ndiyo. Na walioijenga hawakulipa hata senti."

Usiku nikamuuliza mdogo wangu mwenyewe. Nilitegemea ashukuru, hata alie kidogo. Alikasirika. "Yaya, kwani nilikutuma? Nikianguka mtihani, nitakuangaliaje?" Ana miaka 13, lakini aliona jambo ambalo mimi sikuliona: sadaka unayomtolea mtu bila kumuuliza inaweza kumkalia kichwani maisha yake yote. Nilidhani ninampa shule. Nilikuwa nampa shule pamoja na mzigo wangu juu yake, na nilitaka aitwe mwenye bahati.

Basi nimefanya nini? Mama alienda shuleni kuongea nao, wakakubali tulipe kidogo kidogo. Nimerudi. Jumamosi nafua na Mama, na mdogo wangu naye anafua. Alikataa kukaa na daftari huku mimi nimeshika sabuni. Siwaambii kwamba mambo yamekwisha. Muhula ujao pesa inaweza kukosa tena, na safari hii jirani anaweza asiwe na cha kukopesha.

Ikifika hapo, nimejiwekea sharti. Sitasema "nasomea nyumbani" mpaka niwe na vitu vitatu: mtu mmoja, hata akiwa mwanafunzi mwenzangu, atakayeniuliza kila wiki nimesoma nini na kudai aone; saa ambazo hata Mama hatazigusa, kama vile zile za mdogo wangu haziguswi; na mtihani ninaoweza kuukaa bila kuhatarisha karatasi zetu. Vikikosekana, nitasema ukweli wangu wazi: nimeacha shule, natafuta kazi ya kujifunza kwa mikono. Kuacha shule kunaweza kuwa uamuzi wa mtu mwenye akili. Kuacha na kukuita kusoma ni kujificha, na anayedanganywa wa kwanza ni mwenyewe.

Nanyi wazazi mnaosoma hapa, nina ombi moja. Ukiwa na mtoto aliye nyumbani kwa sababu minervali imekosa, usimtume foleni kila saa. Jioni moja kwa wiki mwite kwa jina lake, mwambie alete daftari. Hata kama hujui kusoma kilichoandikwa humo, atajua kwamba umeangalia.