Aliyetunza Maji Yako

Msikilizaji wa Sigalagala, umeamka, umechota maji, umebandika chai. Je, umejiuliza ni nani aliyekutunzia maji hayo?

Kule Lamu, maji ya mji hutoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Mvua ikinyesha, mchanga huipokea, huichuja na kuihifadhi. Mchanga ukizolewa, visima huingia chumvi.

Sisi hatuna vilima hivyo. Tuna Msitu wa Kakamega, inamopita mito yetu, Isiukhu na Yala, nao ndio unaotutunzia maji. Pale Isecheno, msituni humo, vijana wa KEEP, mpango wa elimu ya mazingira wa Kakamega, waliamua kuwafundisha watoto wa shule kuupenda msitu, na kuotesha miche ya asili. Mche wenyewe ni kitu kidogo: majani mawili na udongo wa kujaa kiganja. Anayeupanda leo huenda asiketi kivulini mwake.

Lakini anayekunywa maji ya Shela hakuumba mchanga, nawe hukuupanda msitu. Sote tumepokea tu. Jumamosi hii, shika jembe, mwite jirani, mpande mti mmoja kando ya mto. Mti huo usiwe mkaratusi unaonyonya maji. Uwe wa asili. Asubuhi njema.