Anayerudi Ana Deni Gani?

Julai 2024 tulikuwa watano chini ya mwembe hapa sokoni Kivaa, tumeinamia simu moja. Alexandra Ndolo alikuwa Paris, Mkenya wa kwanza kushindana vitara katika Olimpiki. Mchezo wenyewe hatukuuelewa, lakini jina tulilijua. Ukiita "Ndolo!" siku ya soko hapa Ukambani, vichwa kadhaa vitageuka.

Alitolewa pambano la kwanza kabisa, pointi 13 kwa 12, na Olena Kryvytska wa Ukraine. Kijana mmoja wa bodaboda akacheka: "Sasa huyu si angekaa tu Ujerumani?"

Swali lake halikuwa la kijinga. Ndolo alizaliwa Ujerumani, baba Mkenya, mama Mpolandi. Mwaka 2022 kule Cairo alichukua fedha ya dunia akiichezea Ujerumani, akikosa dhahabu kwa pointi moja tu, 11 kwa 10, mbele ya Song Sera wa Korea Kusini. Baada ya hapo akahamia Kenya, nchi ambayo haikuwa hata na shirikisho la vitara hadi yeye aliposaidia kulianzisha mwaka 2019. Huku kwetu tumezoea safari ya upande ule mwingine. Stephen Cherono aliondoka akaitwa Saif Saaeed Shaheen, na mwaka 2003 akaishindia Qatar dhahabu ya kuruka viunzi na maji. Tulinung'unika sana.

Mimi nilimjibu yule kijana kwa sauti, kama mzee anayejua mambo: "Amerudi nyumbani. Mtu ana deni kwa kwao."

Tangu siku hiyo jibu hilo limenisumbua. Deni gani? Kenya haikumnunulia hata glavu. Kama ni kudai, Ujerumani ndiyo ingedai, maana ndiko alikofundishwa. Na hata madai ya aina hiyo yana mwisho. Vladimir Nazlymov alikuwa bingwa wa dunia wa kitara mwaka 1975 na 1979, akabeba dhahabu za Olimpiki na timu ya Muungano wa Sovieti mwaka 1968, 1976 na 1980. Nchi hiyo ilivunjika mwaka 1991. Yeye akaenda Marekani, akawa kocha wa Ohio State University, akawapa vijana wa huko ule ujuzi aliolelewa nao. Je, aliiba? Mdai mwenyewe hayupo. Ujuzi ulibaki mkononi mwake, naye akaupanda mahali alipokuwa.

Lakini sikuandika haya kwa ajili ya Nazlymov. Binti yangu ni muuguzi Uingereza. Miezi michache kabla ya ile Olimpiki alinipigia: "Baba, nataka kurudi. Nifungue kliniki ndogo hapo Kivaa, watu waache kupanda boda usiku na mtoto mgonjwa." Nikamwambia asithubutu. Nikamuuliza kama amelogwa. Nilisema ni kwa faida yake, na nusu ni kweli. Nusu nyingine ni kwamba mshahara wake ndio unalipa karo ya wadogo zake, na ndio ulionunua lile tangi la maji nyuma ya nyumba.

Kwa hiyo chini ya mwembe nilisifu kurudi kwa mtoto wa mwenzangu, na wangu nikamfungia mlango. Kama kurudi ni deni, nilimzuia mwanangu kulipa. Kama ni zawadi, basi sikuwa na haki ya kumsifu Ndolo kana kwamba alilipa kitu alichodaiwa.

Sasa naona ni zawadi. Kijiji hakiwezi kuidai, na baba hawezi kuikataza. Anayeitoa anajua huenda akatolewa pambano la kwanza, watu wakamcheka sokoni. Kliniki inaweza kufungwa baada ya mwaka mmoja. Hasara hiyo ni yake kuipima, sio yangu, ingawa tangi likikauka nitaisikia na mimi.

Jana nimeuliza kodi ya chumba kimoja karibu na kituo cha matatu. Jumapili nitampigia nimwambie bei.